Kishindo na Maboksi Matatu

Kwenye karakana ya makochi walimwita Fundi, mtaani walimwita Mama Pacha, lakini kwenye bendi hakuwa na jina jingine ila Kishindo. Jina hilo alipewa ujanani, alipoanza kupiga gitaa la besi na watu wakashangaa yule binti mwembamba anatoa wapi sauti ya kutikisa glasi mezani. Wembamba ulishamuaga siku nyingi. Magoti yalikuwa yakigoma kwenye ngazi, mgongo ulikuwa na siku zake za kununa, na vidole, ambavyo mchana kutwa vilivuta vitambaa vya makochi na kuvibana kwenye mbao, jioni vilikakamaa kama kamba iliyoanikwa juani ikiwa mbichi. Jina lakini halizeeki. Kila Jumamosi na Jumapili alasiri, ukumbini, wakati wa kutambulisha wapigaji ulipofika, mwimbaji alilivuta jina lile mpaka pumzi ikamwishia, "Kiiishindo!" naye aliinua kichwa kidogo, akatoa nusu ya tabasamu, akaendelea kupiga.

Boksi lake la spika lilikuwa kubwa kama kabati la vyombo. Shemeji yake, mdogo wa mume, ni seremala, na ndiye aliyelitengeneza kwa mbao nene bila kuionea huruma migongo ya watu. Ndani yake mlikuwa na spika moja tu, pana kama sinia. Nyumbani lilikaa sebuleni, likafunikwa kitambaa, televisheni ikawekwa juu yake. Siku za muziki televisheni ilishushwa sakafuni, boksi likabebwa hadi kwenye pikapu, na kazi hiyo ilikuwa ya Baba Pacha, mumewe, ambaye riziki yake ilikuwa kusafirisha mizigo ya watu kwa pikapu hiyo hiyo.

"Mume mwenzangu ameshaamka?" aliuliza kila Jumamosi akivaa viatu. "Maana huyu bwana kula hali, ila kunenepa hachoki."

Utani ulikuwa ule ule miaka yote, na Kishindo aliucheka miaka yote. Siku hizi aliucheka kwa adabu tu, kama mtu anavyoitikia salamu. Alimwona mume anavyosimama katikati ya njia kuvuta pumzi, mkono mmoja kiunoni, akijidai anaangalia mawingu. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mzigo huu haukuwa wa mwenzie. Ulikuwa wao wote wawili, na wote wawili walikuwa wamechoka, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Aliyesema alikuwa mtu wa tatu. Jumapili moja, watu walipokuwa wanatawanyika na vyombo vinafungwa, Kiongozi wa bendi, ambaye ndiye pia mwimbaji, alimwita pembeni ya jukwaa. Alikuwa mdogo kwake kwa umri na alimheshimu, kwa hiyo alianza kwa kuikunja na kuikunjua leso yake.

"Dada yangu, usichukie."

"Mtu akianza na usichukie, mimi nishachukia. Sema."

"Watu wanasema besi haisikiki."

"Haisikiki? Mimi nikiwa pale nasikia mpaka meno yanatetemeka."

"Wewe uko karibu nayo. Hawa ni wale wanaocheza pale katikati. Wanasema wanasikia kitu kinanguruma, lakini hawajui kinasema nini. Wanakosa pa kukanyagia." Akaikunja leso tena. "Sijui ni boksi, sijui ni ukumbi. Sijui..."

"Au ni mimi."

"Sikusema hivyo, dada."

"Hukusema. Umepita jirani yake tu."

Kiongozi akaitia leso mfukoni. Kisha akatoa lile alilokuwa amelibeba tangu mwanzo: kwamba Vidole, kijana wao wa kinanda, anaweza kusaidia kidogo. Kinanda kina sauti za besi, na mkono wake wa kushoto mara nyingi unakaa bure. Ni kusaidia tu, alisema, siyo kuchukua nafasi ya mtu. Kishindo alimjibu kwamba amesikia, akafunga zipu ya mkoba wa gitaa, akatoka nje kwenye pikapu.

Njia nzima alitazama dirishani. Baba Pacha alimtupia jicho mara mbili tatu, akaendelea kuendesha. Kilichomuuma Kishindo hakikuwa tu lile aliloambiwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba, pale Kiongozi alipotaja mkono wa kushoto wa Vidole, ndani yake kuna kitu kilishusha pumzi. Kwa muda mfupi aliiona Jumamosi akiwa kitandani mwake, pazia limevutwa, hakuna boksi wala waya wala ngazi za ukumbi. Picha hiyo ilikuwa tamu mno, akaionea aibu, kama mtu aliyejikuta msibani anafikiria chakula.

Alipofika nyumbani alikaa kwenye kochi, kochi ambalo alilishona mwenyewe, akamweleza mume yote.

"Na wewe unaonaje?" aliuliza Baba Pacha.

"Sijui. Ndiyo taabu. Kama ni boksi, nataka kujua. Kama ni mikono yangu, nataka kujua mimi kwanza kabla ya kuambiwa na watu."

"Basi tulipime. Mgonjwa hapewi dawa kabla ya vipimo."

"Tutalipimaje boksi?"

"Kwa kulishindanisha na mengine. Mtu mrefu hujulikana akisimama na wenzake."

Alhamisi ndiyo siku ukumbi huwa mtupu. Mwangalizi wa ukumbi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akipiga deki, aliwafungulia mlango wa pembeni na kuwaomba wasikanyage pale palipolowa. Viti vilikuwa vimepandana ukutani. Bila watu, ukumbi ulionekana mkubwa maradufu, na kikohozi cha Baba Pacha kilienda hadi ukuta wa mwisho kikarudi.

Maboksi yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa lile la shemeji, ambalo halihitaji kuelezwa tena. La pili Kiongozi aliliazima kwa rafiki yake anayekodisha vyombo vya muziki. Hilo lilikuwa na spika nne ndogo zilizopangwa mbili juu mbili chini, na katikati yake kispika kidogo sana, kama kifuniko cha chupa, cha kutoa zile sauti kali za kucha na waya. La tatu lilitoka kwa kwaya ya kanisa la jirani; lilikuwa jepesi hivi kwamba Kishindo alilishusha kwenye pikapu kwa mkono mmoja, akabaki analitazama kwa wivu.

Walikubaliana hivi: pazia la jukwaa lifungwe, Kiongozi na Vidole wakae katikati ya ukumbi, wasijue ni boksi gani linalopigwa. Amplifaya iwe moja, vitufe vyake visiguswe, gitaa liwe moja, na kipande cha muziki kiwe kimoja. Baba Pacha ndiye angehamisha waya kutoka boksi hadi boksi.

Kishindo akapiga. Alichagua wimbo wa polepole ambao mikono yake iliujua kuliko njia ya kwenda kazini.

"Hilo ni la zamani!" Kiongozi alipaza sauti kutoka upande wa pili wa pazia. "Hilo nalijua hata nikiwa usingizini. Halina nguvu kabisa!"

Lilikuwa la kwaya. Baba Pacha akajifunika mdomo kwa kiganja.

Wakapiga la pili. Kiongozi akasema hilo sasa linapendeza, sauti imejaa, limeshiba. Lilikuwa la shemeji. Vidole akabisha, akasema limejaa ndiyo, lakini limejaa kama sufuria ya uji, hujui mwiko uko wapi. Wakapiga la tatu, lile la spika nne, na hapo Vidole akasema sasa mwiko anauona. Kisha Baba Pacha, bila kumwambia mtu, akarudia lile la shemeji, na Kiongozi akatangaza kwamba la nne hili ndilo baya kupita yote.

"La nne?" Kishindo aliuliza kutoka nyuma ya pazia. "Yako matatu, ndugu yangu."

Walicheka wote, hata mwangalizi aliyekuwa ameegemea ufagio wake wa deki. Lakini Kishindo alipoacha kucheka aliona kwamba bado hajajua alichokuja kukijua. Maneno ya watu yalikuwa yanapishana, na yeye mwenyewe, akiwa amesimama hatua moja kutoka kwenye maboksi, alikuwa bado analipenda lile la shemeji. Lilimkumbatia miguuni. Lilimpa joto. Miaka yote alikuwa amesimama mahali pale pale, mbele ya boksi lile, kwa sababu waya wake ulikuwa mfupi na kwa sababu hakuwahi kuwa na sababu ya kwenda kwingine.

"Vidole," aliita. "Njoo huku juu. Besi unajua kupiga?"

"Kidogo tu, Mama. Ya kubahatisha."

"Hiyo kidogo inatosha."

Akamvisha gitaa lake. Mkanda ulikuwa mrefu, gitaa likaning'inia magotini kwa kijana, akalazimika kulikumbatia. Baba Pacha akatazama pembeni; katika maisha yao yote hakuwahi kuliona gitaa lile kwenye bega la mtu mwingine. Kishindo alishuka ngazi za jukwaa, moja moja, akishika ukuta, akaenda kusimama katikati ya ukumbi, pale watu wanapochezea.

Vidole akaanza na boksi la shemeji. Mwanzoni Kishindo alidhani kijana amekosea. Alichokuwa anakisikia hakikuwa sauti ya besi aliyoijua. Ulikuwa mngurumo, kama lori linalopita barabara ya nyuma, mngurumo usio na mwanzo wala mwisho, noti moja ikimlalia mwenzake. Akasogea mbele, ikawa nafuu. Akarudi nyuma, ikapotea, kisha karibu na ukuta ikarudi ikiwa nzito na butu. Alisimama pale na mikono yake imening'inia. Miaka yote hii, alifikiri, watu wamekuwa wakicheza juu ya hiki.

Lile la kwaya lilikuja safi lakini jembamba, kama mtu anayeongea huku amebanwa pua. Halafu likaja lile la spika nne. Vidole hakuwa mpigaji wa besi, na alichopiga kilikuwa cha mtoto wa shule, lakini kila noti ilifika ikiwa na uso wake. Ilikuwa kama mtu anayeweka vikombe mezani kimoja kimoja: unakisikia kikigusa, unajua kimewekwa wapi, unasubiri kinachofuata. Bila kutaka, mguu wa Kishindo ukaanza kugonga sakafu.

"Ni boksi," alisema Kiongozi, ambaye alikuwa amemfuata na kusimama kando yake. Sauti yake ilikuwa na nafuu kubwa. "Unaona, dada? Nilijua ni boksi. Siyo wewe."

"Ngoja kwanza," alisema Kishindo.

Akapanda tena jukwaani, akachukua gitaa lake, akasema amplifaya ibaki kwenye zile spika nne. Safari hii hakuchagua wimbo wa polepole. Alichagua ule wa haraka wanaoufungia onyesho, ule ambao besi inapanda na kushuka kama mtu anayekimbia kwenye ngazi, ambao ujanani aliupiga huku akiongea na watu wa meza za mbele. Akavuta pumzi, akaanza.

Boksi lile halikumficha. Kidole cha pete kilichelewa, na kuchelewa kwake kukasikika. Noti moja aliibana nusu, waya ukalia kwa mkwaruzo. Nyingine hakuifikia kabisa, pakawa na shimo mahali pake. Alipofika mwisho, alirudia tangu mwanzo, kwa utulivu zaidi, na makosa yale yale yakajitokeza mahali pale pale, kama wageni waliozoea nyumba. Akaelewa kwamba hayakuwa ya leo. Alikuwa nayo mwaka huu wote, pengine na mwaka jana, na lile boksi kubwa la shemeji lilikuwa linayafunika kwa ule mngurumo wake, kama shuka linalotandazwa juu ya kitanda ambacho hakikutandikwa.

Waya wa mwisho ulipoacha kulia, Vidole alikuwa anaangalia viatu vyake. Kiongozi akajikohoza.

"Sauti nzuri sana," alisema.

"Sauti ni nzuri. Mpigaji je?"

"Dada..."

"Mimi nina masikio, mdogo wangu. Hayo bado hayajachoka."

Akakaa juu ya boksi la shemeji, gitaa likiwa mapajani. Baba Pacha alisogea akakaa kando yake, na boksi, kwa ubishi wake wote, halikulalamika. Mkono wa kushoto wa Kishindo ulikuwa unauma kuanzia kiganja hadi kiwiko, na yeye aliufungua na kuufumba taratibu, akiutazama kama mtu anayemtazama mfanyakazi mzuri aliyekosa kwa mara ya kwanza.

"Unataka kulia?" Baba Pacha alimnong'oneza.

"Sina nguvu za kulia. Nataka kulala."

Hilo lilimfanya yeye mwenyewe acheke, kicheko kifupi cha puani. Halafu akainua kichwa na kumwita Kiongozi, akazungumza naye kama fundi anayezungumza na mteja kuhusu kochi lililovunjika: nini kitengenezwe, nini kiachwe. Bendi ichukue kwa kukodi boksi la spika nne, alisema, kwa sababu watu wanaocheza wana haki ya kujua wanakanyaga wapi. Ule wimbo wa haraka wauondoe au waupunguze mwendo. Jumapili angepiga yeye. Jumamosi, kuanzia ya wiki ijayo, huo mkono wa kushoto wa Vidole upate kazi.

"Mimi sikusema uache Jumamosi, dada yangu. Mungu shahidi."

"Najua hukusema. Nimesema mimi."

"Watu watauliza."

"Waambie Kishindo amelala. Siyo uongo."

Vidole alikuja hadi jukwaani, akasimama chini yake, uso juu. "Mama, mkono wangu wa kushoto ni mzito. Mimi kinanda nimekizoea kwa mkono wa kulia."

"Mzito ndiyo unaofaa. Besi haitaki mbio." Akamtazama kidogo. "Na usipige kila kitu unachokijua. Hilo mimi limenichukua mpaka leo."

Boksi la shemeji walilirudisha nyumbani, na safari hiyo Kiongozi mwenyewe alishika upande mmoja na Vidole upande wa pili. Shemeji alipopata habari alikuja jioni moja, akalizunguka boksi lake, akaligonga kwa vifundo vya vidole, akasema mbao ni nzima, kosa litakuwa la spika. Hakuna aliyembishia. Televisheni iliwekwa tena juu yake, na safari hii haikushushwa.

Jumapili ya kwanza na boksi jipya, Kishindo alipiga nusu ya noti alizozoea kupiga. Palipokuwa na noti nne aliweka mbili, palipokuwa na mbili aliweka moja na kuiacha isimame. Mwanzoni alijihisi yu uchi, kila kidole kikiwa mbele ya watu. Alichungulia katikati ya ukumbi mara kwa mara kama mtu anayechungulia sufuria. Watu walikuwa wanacheza. Hawakucheza kwa namna ya ajabu, hakuna aliyekuja kumpa mkono; walikanyaga tu, wote kwa pamoja, mahali pale alipoweka noti. Alipomaliza, jasho lilikuwa limelowesha mgongo wa blauzi na mkono ulikuwa unauma vile vile. Wakati wa kushuka Baba Pacha alisema leo hata yeye, aliyekuwa nje kwenye pikapu, aliisikia besi ikitembea.

"Inatembea," alisema Kishindo. "Kukimbia imeacha."

Jumamosi iliyofuata alijilaza mchana akisema ni kwa dakika chache. Alipoamka chumba kilikuwa na mwanga wa manjano wa alasiri, na kwa kitambo hakujua ni siku gani. Alikumbuka, akaruka kukaa, kisha akakumbuka tena, akarudi kwenye mto. Kuna lililomchoma. Habari zilikuwa zimeshamfikia kutoka kwa watu waliohudhuria mazoezi kwamba kijana anajitahidi, kwamba haoneshi pengo kubwa, na neno hilo, pengo, lilikuwa limemganda akilini tangu Ijumaa. Baadhi ya watu wangeuliza yuko wapi Kishindo. Baadhi wasingegundua. Hao wa pili ndio aliowafikiria zaidi.

Baba Pacha aliingia na vikombe viwili vya chai, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amevaa shati la nyumbani, na Kishindo alitambua kwamba hata yeye hakuwa amebeba kitu chochote siku nzima.

"Sasa hivi ndiyo wanaanza," alisema mume.

"Mgongo wako vipi?"

"Upo. Leo haujanisemesha."

Wakanywa chai. Mtaani watoto walikuwa wanapigizana kelele na mtu alikuwa anaosha gari. Kishindo aliweka kikombe sakafuni, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya shuka, na Baba Pacha, bila kuambiwa, akaushika na kuanza kuukanda kidole kimoja kimoja, kuanzia kile cha pete.

"Polepole," alisema Kishindo, na kabla mume hajafika kidole cha tatu, usingizi ulikuwa umemchukua tena.